Pilau ya Jukwaani

Tangu saa tisa Swabaha hakuwa amekaa kitako. Alikwenda mlangoni, akarudi jukwaani, akalivuta pazia lililokwisha kuvutwa, akaenda tena mlangoni. Mchezo ulikuwa uanze baada ya sala ya alasiri. Watu wa Mji wa Kale ukiwaalika saa kumi hufika saa kumi na moja, tena wakalalamika kwamba hawakungojwa, lakini siku hiyo walikuwa wameanza kuingia mapema. Na kila aliyeingia alikuja na chakula chake.

Mlangoni alikuwa amemweka Khalati Maisara, mdogo wa marehemu mamake, mwanamke ambaye hata paka wa Kibokoni wanamjua kwa ukali. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la plastiki. Nyuma yake, ukutani, palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: HAKULIWI UKUMBINI.

“Nini hicho kwapani?” Khalati alimuuliza mama mmoja mnene.

“Mkoba.”

“Mkoba huo mbona wanuka bhajia?”

“Za mtoto, Maisara. Mtoto ana ndaa.”

“Mtoto mwenyewe yuwapi?”

Yule mama akatazama kulia, akatazama kushoto, mtoto hakuonekana. Bhajia zikatiwa kwenye beseni.

Beseni lilijaa upesi. Kachri za muhogo, viazi karai, mabuyu, achari ya embe, sambusa za nyama zilizofungwa kwa gazeti. Mzee mmoja alikuwa ameficha karanga chini ya kofia, wallahi, kichwani, na Khalati akaziona. Watu walinung'unika mpaka ukumbi ukavuma. Katika mji huu hakuna mahali mtu anakaa mkavu. Ukienda maulidi utapewa kahawa na halua, ukienda harusi utawekewa sinia, ukienda matanga ni vivyo hivyo, na hata ukienda kumpa mtu pole kwa jino alilong'oa hutoki bila kikombe cha chai. Leo Swabaha binti Jamaldin anataka watu wakae saa mbili nzima midomo imefungwa, amekuwa nani?

Swabaha alikuwa na sababu, na aliisema mbele ya kila aliyemuuliza. Mwaka uliopita, katika mchezo wake wa kwanza, palikuwa na mgonjwa wa kukata roho jukwaani. Alipokata roho, mtu wa safu ya tatu akaomba kwa sauti apitishiwe ukwaju. Ukwaju ukapita mkono kwa mkono, kachri zikavunjwa kama kuni, na maiti mwenyewe akacheka. Swabaha ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea watoto wasiosikia, lakini usiku ule alilia kwa hasira. Akaapa kwamba katika mchezo wa pili hakuna atakayetafuna.

Sababu ya pili hakumwambia mtu yeyote.

Katikati ya mchezo huu wa pili palikuwa na onyesho moja la kula. Mtu ameketi peke yake mkekani, mbele yake sinia la pilau. Nduguye anaingia, anasimama mlangoni. Yule mlaji hamkaribishi. Anakula mpaka punje ya mwisho, na nduguye anatoka. Basi. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Swabaha alitaka pilau ya kweli, ya moto, iliyotiwa bizari mpaka ikakolea, na alitaka inukie mpaka safu ya nyuma kabisa, kwa watu ambao hawajatia kitu kinywani tangu adhuhuri. Alitaka watu mia mbili waonje wenyewe kusimama mbele ya mlaji wasikaribishwe.

Maana hapa mtu hali mbele ya mwenziwe bila kusema karibu. Husema kwa mgeni, husema kwa mpita njia, husema hata kwa mtu asiyempenda, na yule mwengine hujibu “starehe” akaenda zake. Ni neno la adabu tu, halipunguzi hata punje. Kwa sababu ni rahisi hivyo, mtu akikunyima neno hilo amekwambia kila kitu.

Na Swabaha alimwona kwa macho yake mtu akinyimwa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Bibi yake, mama wa babake, alifariki asubuhi akazikwa baada ya adhuhuri. Ami yake Bassam, mdogo wa babake, alikuwa karani wa forodhani Kilindini, na siku hiyo alikuwa ndani kabisa ya bandari, simu ameiacha ofisini. Alipofika makaburini, udongo ulikuwa umeshasawazishwa. Jamaldin, babake Swabaha, hakumsemesha. Siku ya tatu, hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, ilipokwisha na wageni walipoondoka, Jamaldin aliketi mbele ya sinia la pilau iliyobaki. Bassam akaingia. Akatoa salamu, akasimama mlangoni. Jamaldin akala. Akala pilau ya hitma ya mama yao, tonge baada ya tonge, kichwa chini, mpaka sinia likawa jeupe. Bassam akageuka akatoka, na tangu siku hiyo hakuikanyaga tena nyumba ile.

Bassam anakaa Bondeni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa miaka sita kila mmoja amechagua msikiti wake, duka lake, na upande wake wa barabara. Mji mzima unajua kwamba hawasemezani, ila sababu hakuna anayeijua. Jamaldin sasa ana miaka sabini na miwili, na mwaka huu presha imemwangusha mara mbili. Swabaha alitaka kitu kimoja tu: babake ajione. Akijiona, huenda akaenda Bondeni kwa miguu yake kabla mmoja hajamzika mwenziwe. Na kama atajiona akakasirika, basi Swabaha atakuwa amempoteza na yeye, maana Jamaldin akimnunia mtu hanuni kwa siku mbili tu. Hiyo ndiyo iliyomfanya binti yake asikae kitako tangu saa tisa.

Alikuwa amewaalika wote wawili, na hakumwambia yeyote kuhusu mwenziwe. Alichungulia pazia. Babake alikuwa ameketi safu ya mbele, mwisho wa kulia, mikono juu ya bakora. Bassam alikuwa safu ile ile, karibu na katikati, kanzu imepigwa pasi, ameshikilia magoti yake. Viti vitano viliwatenganisha. Walikuwa wameshaonana, na kila mmoja alikuwa amegeuza shingo kama aliyelalia vibaya.

Mchezo ukaanza. Nusu saa ya kwanza ilipita salama, lakini ukumbi haukutulia. Watu walikuwa hawajui la kufanya na mikono yao. Wanawake walijipepea kwa mitandio, wanaume walisokota kofia, na harufu ya bhajia kutoka kwenye beseni la mlangoni ilipita vichwani mwao ikarudi tena. Mara tatu Khalati Maisara alisikika akisema, “Kaa chini wewe, nimekuona.” Swabaha, nyuma ya pazia, alikuwa ameshatafuna kucha zote za mkono wa kushoto.

Kisha sinia likaingia.

Harufu ya pilau ilishuka jukwaani ikatembea safu kwa safu, na mtu aliweza kuifuata kwa masikio: kwanza wa mbele waliguna, kisha wa kati, kisha wanawake wa nyuma. Mtu akasema, “La ilaha illa llah.” Swabaha alibana meno. Ilikuwa inakwenda kama alivyotaka.

Aliyeketi mbele ya sinia ni Khubaib, fundi seremala wa Kibokoni, kijana aliyelelewa na nyanyake, na malezi ya nyanya hayatoki kwa sabuni. Mazoezini alimsumbua Swabaha wiki mbili nzima. Kila alipotia tonge la kwanza mdomoni, neno lilimponyoka lenyewe: “Karibuni.” Swabaha alimgombeza, alimsihi, alimfundisha ajiume ulimi. Mwisho akaweza. Lakini mazoezini alikuwa akila mkate mkavu mbele ya viti vitupu.

Sasa Khubaib alisema bismillahi, akafinyanga tonge. Ayman, aliyeigiza nduguye, aliingia akasimama penye mlango wa mbao. Khubaib akainua mkono, akainua na macho, na hapo hapo macho yake yakagongana na ya Bassam, mzee mzima, hatua tatu mbele yake, ambaye humpa mkono kila Ijumaa msikitini. Tonge likaganda njiani. Swabaha aliuona mdomo wake ukifunguka, na akajua.

“Karibuni,” alisema Khubaib.

“Starehe!” ukumbi ukaitika, watu mia mbili kwa sauti moja.

Kikafuata kicheko cha kuvunja dari. “Starehe ya nini, wallahi, twafa na ndaa huku!” mtu akapiga kelele. Na Ayman, aliyekuja mbio kutoka kazini Liwatoni bila chakula cha mchana, na ambaye sasa alikuwa amekaribishwa mbele ya mashahidi, alivua makubadhi, akaketi, akatia mkono kwenye pilau. Watu wakapiga makofi. Wanawake wa nyuma wakainuka kudai haki yao. Ikiwa jukwaani kunaliwa, wao wamekosa nini? Khalati Maisara akasimama mbele ya beseni mikono kiunoni, lakini alikuwa mmoja na wao walikuwa thelathini, na yule mama mnene akazichukua bhajia zake kupitia chini ya kwapa la Khalati.

Miezi minane ya kazi. Swabaha alisimama nyuma ya pazia machozi ya hasira yakimchoma. Mchoyo wake alikuwa amegeuka mtu wa adabu, na mchezo wote ulisimama juu ya kukosa adabu kwake. Ulikuwa umekwisha. Babake amekuja kuona ndugu wawili wakila pamoja kwa furaha, atarudi nyumbani akalale.

Hapo akamwona babake ameinuka.

Anaondoka, Swabaha aliwaza. Lakini Jamaldin hakuelekea mlangoni. Alisimama pale pale alipo, bakora mkononi, akiwatazama wale vijana wawili.

“Haikuwa hivyo,” alisema.

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu ndio waliosikia, wakawanyamazisha wengine, na kicheko kikafa kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma.

“Mzee Jamaldin, ni mchezo tu,” alisema mtu wa safu ya pili kwa upole.

“Najua ni mchezo. Nasema haikuwa hivyo. Yule hakukaribishwa.” Alimwelekezea Ayman bakora. “Inuka, kijana. Rudi mlangoni. Na wewe,” akamgeukia Khubaib, “kula. Usimtazame. Mwenyewe hakumtazama.”

Khubaib akageuza uso kuelekea pazia, akimtafuta mwalimu wake. Swabaha alilifunua pazia kidogo. Akaitikia kwa kichwa kukubali.

Wakarudia. Ayman alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akavaa makubadhi, akasimama mlangoni. Khubaib akainamisha kichwa akala. Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mama mnene alikuwa ameshika bhajia yake mkononi na hakuitia mdomoni wala hakuiweka chini. Vidole vya Khubaib vilisikika vikikwaruza sinia. Kula sinia zima peke yako, ukitazamwa, ni kazi ya muda mrefu. Swabaha hakuwahi kujua ni mrefu kiasi gani, kwa sababu kwenye daftari lake onyesho lile lilichukua mistari minne. Babake hakukaa. Aliangalia kila tonge. Bassam alikuwa ameinama, anayatazama magoti yake.

Punje zikabaki upande mmoja wa sinia. Ayman akageuka ili atoke, kama ilivyoandikwa.

“Ngoja,” alisema Bassam.

Ayman akasimama. Bassam aliinua kichwa akalitazama lile jukwaa lote, kona hadi kona, kama mtu anayehesabu watoto wake.

“Mmoja amepungua,” alisema. “Palikuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na mwanamwali ameketi hapo kando ya sinia, na jagi la maji ya kunawa. Yuwapi? Mbona hakuandikwa?”

Swabaha aliliachia pazia. Alikuwa ameandika kila kitu. Aliandika rangi ya mkeka, aliandika upande ambao mlango ulifungukia, aliandika hata mjusi wa ukutani, na Khubaib akamwambia mjusi hatapatikana. Yeye mwenyewe hakujiandika. Na hakusahau. Siku ile alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mzima mwenye ulimi wake, na kwa kuwa mamake alikuwa ameshafariki, yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa nyumba ile. Kumkaribisha mtu kulikuwa wajibu wake kama kulivyokuwa wa babake. Aliuangalia uso wa babake, akaogopa, akanyamaza. Miaka sita alikuwa akiita jambo lile kosa la babake, na alikuwa ameliandikia mchezo mzima na kubandika karatasi ya adabu mlangoni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Nyuma ya pazia palikuwa na jagi la maji ya kunywa ya waigizaji. Alilichukua, akatoka. Watu mia mbili walimtazama, na hakumtazama hata mmoja wao. Alipiga magoti kando ya sinia, upande ule ule.

“Nilikuwa hapa,” alisema. “Ami, karibu.”

Bassam aliinuka polepole. “Wajua nilisimama pale kwa nini muda wote ule?” alimuuliza. “Kwa babako nilikata tamaa pale pale nilipoingia. Nilikuwa nakungoja wewe. Kwa neno lako ningekaa.”

“Nisamehe, Ami.”

Bassam hakusema kwamba amemsamehe. Alivua viatu, akapanda jukwaani akishikwa mkono na Ayman, akaketi mkekani kwa shida ya magoti, akanyoosha mikono miwili. Swabaha akammiminia maji. Hakuwa amekumbuka chombo cha kukingia, maji yakatiririka mbaoni yakalowesha ncha ya mkeka na nguo yake. Khubaib alisogea nyuma kimya kimya, na mtu fulani kutoka nyuma ya pazia akaleta pilau iliyobaki sufuriani, akaimimina kwenye sinia.

Bassam akasema bismillahi, akala.

Jamaldin alikuwa bado amesimama pale chini, mbele ya viti. Watu walimtazama yeye, wakamtazama mdogo wake, wakamtazama yeye tena. Kila mtu ukumbini alijua ni neno gani linalongojewa na linangojewa kutoka kinywa gani. Bassam akala tonge la kwanza. Akala la pili, kichwa chini, anatafuna taratibu. Akala la tatu. Mama mmoja akasema “Ya Rabi” chini kwa chini.

Swabaha alimtazama babake. Akafahamu kwamba babake hataondoka wala hataomba. Atasimama pale mpaka punje ya mwisho, kwa sababu anaona ndivyo anavyostahili. Na Bassam naye atalimaliza sinia lile hata kama litampasua. Waliweza wote wawili. Walilelewa na mwanamke mmoja.

Uso wa babake ulikuwa ule ule wa siku ile, na bado ulimtia hofu.

“Baba,” alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Khalati mlangoni. “Karibu.”

Bassam hakuinua kichwa. Alitafuna, akameza, kisha akasogea upande, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.